Kutoka Namuwongo hadi Nimule kwa kuuliza njia

Reli inayokatiza Namuwongo, mtaa wa Kampala, ilikuwa zamani mwanzo wa safari ya kaskazini. Treni iliyotoka stesheni kuu ya Kampala ilipita hapa, pembezoni mwa eneo la viwanda, ikashika njia ya Jinja na Tororo. Pale Tororo tawi moja liligeuka kwenda Soroti, Lira na Gulu, na mwaka 1964 likafika Pakwach, kwenye ukingo wa Nile. Leo anayekwenda Pakwach hana treni ya kupanda. Watu wa kaskazini, hata hivyo, wamebaki kando ya reli hiyohiyo: Waacholi na Walango waliokimbia vita vya waasi wa Lord's Resistance Army, Waalur na Walugbara waliofuata kazi za viwandani, pamoja na Wakongo na Wasudan Kusini waliovuka mpaka kwa sababu wanazozijua wenyewe. Wamejenga Soweto, Kanyogoga na Kasanvu, katikati ya reli na mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji machafu ya jiji Ziwa Viktoria.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuzunguka miji ya mito na mipaka ya Uganda, peke yake na bila ratiba, ana sababu nzuri ya kuanzia Namuwongo. Kila mji atakaoufikia una mtoto wake hapa. Na ninaamini kwa dhati kwamba safari ya namna hii haijengwi kwa ramani. Inajengwa kwa swali moja tu, linaloulizwa upya kila asubuhi: nani anakwenda huko leo, na anafuata nini?

Nenda sokoni. Mama mmoja ameweka ndoo ya odii, ule mseto mzito wa ufuta na karanga zilizosagwa, anauchota kwa kijiko na kuufunga kwenye kaveera, kifuko cha plastiki, cha shilingi mia tano. Pembeni ya ndoo amelaza angara, samaki wa Ziwa Albert waliopasuliwa mgongoni, wakatiwa chumvi na kukaushwa juani hadi wakawa wagumu kama kibao. Chumvi imeganda kwenye magamba kwa vijimstari vyeupe. Muulize samaki huyu ametoka wapi.

"Panyimur," atasema bila kuinua kichwa.

Muulize amefikaje, naye atakueleza kwamba samaki hununuliwa ufukoni siku ya soko, hupakiwa kwenye lori hadi Pakwach, hupanda basi la usiku, na alfajiri huwa wameshateremka kituo cha Arua Park, katikati ya Kampala. Atakutajia nauli ya mtu na nauli ya gunia. Atakwambia ni siku gani magari ni mengi na ni siku gani utakaa kando ya barabara mpaka giza likukute. Hapo umeshapata njia nzima, na umeipata kwa mtu ambaye mtaji wake unategemea kuijua njia hiyo sawasawa. Kitabu cha watalii hakijui siku ya soko la Panyimur ilihamishwa lini. Mama anajua, kwa sababu akikosea samaki wanaoza.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya kuondoka, na wakazi wa Namuwongo hawalipuuzi: barua ya mwenyekiti wa LC1. Uganda nzima imegawanywa katika halmashauri za ngazi ya kwanza, kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa, na mwenyekiti wake ndiye anayethibitisha kwamba fulani anakaa hapa na anafahamika. Karatasi hiyo yenye muhuri haichukui nafasi ya kitambulisho cha taifa au pasipoti. Lakini ukifika jioni kwenye kijiji cha wavuvi ambako hakuna loji, ukamtafuta mwenyekiti wa huko na kumwonyesha kwamba mwenzake wa Kampala amekuandikia, unaacha kuwa mtu asiyejulikana. Wewe ni mgeni wa LC. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, ushauri wangu ni kufanya hivyo kila mahali utakapolala nje ya mji mkubwa, na kufanya hivyo jua likiwa bado juu. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana mipakani huulizwa, na fedha za noti ndogondogo. Nyingine ziache kwenye simu, kwa sababu wakala wa kutoa fedha humkosi hata kwenye soko la vumbi.

Kutoka Arua Park hadi Arua ni karibu kilomita 500. Mabasi mengi huondoka usiku, jambo linalowafaa wafanyabiashara na linalomnyima msafiri kitu kikubwa, kwa sababu barabara hii inafaa kuonwa. Chukua gari la asubuhi. Baada ya Kafu na Kiryandongo unateremka hadi Karuma, ambako Nile inapita kwa kishindo juu ya mawe na nyani wamekaa kando ya lami wakisubiri chochote kitakachotupwa dirishani. Daraja la Karuma lilijengwa mwaka 1963. Lilipofungwa kwa matengenezo mwishoni mwa 2024, magari ya West Nile, eneo la magharibi mwa mto, yalilazimika kuzunguka kwa njia nyingine, na bei za bidhaa za kaskazini zikaonja msukosuko huo. Jirani na hapo ndipo lilipo bwawa jipya la umeme la megawati 600, lililozinduliwa mwaka huohuo. Ukivuka tu, barabara inagawanyika: kulia Gulu, kushoto Pakwach.

Wanaokwenda kulia wanafika mpakani haraka zaidi. Mimi nasema shika kushoto, upande wa mto.

Pakwach ni mji mdogo kuliko jina lake. Upo mtaa mmoja mrefu, kizuizi cha askari, wauza samaki wa kukaanga wanaokimbilia madirisha ya mabasi, na daraja linalokupeleka ng'ambo ya magharibi. Kaskazini mwa daraja hilo, hadi mpaka wa Sudan Kusini, anayetaka kuvuka Nile hutegemea kivuko au mtumbwi. Jambo hilo ndilo linalotawala maisha yote ya huku: mtu wa Moyo au Obongi anapopanga safari ya hospitali, harusi au mazishi, huanza kwa kufikiria mto.

Hapo Pakwach shuka. Tafuta gari la Panyimur, kusini, kwenye mdomo wa Ziwa Albert. Kwa kawaida ni lori au taksi iliyojaa kuliko inavyoruhusiwa, na inaondoka ikijaa, si saa ikifika. Panyimur inatazamana na Wanseko, upande wa Bunyoro, na kivuko cha serikali huunganisha pande mbili hizo. Hilo lina maana kubwa kwa msafiri asiye na ratiba: anaweza kuja West Nile kwa daraja na kutoka kwa maji, au kinyume chake, akapitia Buliisa na Butiaba badala ya kurudia barabara ileile.

Butiaba inastahili maneno machache. Kabla ya reli kufika Pakwach, hii ndiyo iliyokuwa bandari ya njia kuu. Abiria alipanda treni ya Busoga, iliyoanza kazi mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, akasafirishwa kwa barabara mpaka Butiaba, akapanda meli nyingine kuvuka Ziwa Albert na kuteremka Nile mpaka Nimule. SS Robert Coryndon, iliyozinduliwa mwaka 1930, ndiyo iliyokuwa fahari ya ziwa hilo. Januari 1954 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alifikishwa Butiaba kwa boti baada ya ndege yake kuanguka karibu na maporomoko ya Murchison; akapanda ndege nyingine hapo Butiaba, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka. Aliokoka zote mbili. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zilipopandisha maji ya maziwa, bandari za Butiaba na Namasagali ziliharibika na njia hiyo nzima ikafa. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba miji hii haikuwa pembezoni tangu mwanzo. Ilikuwa njiani. Njia ndiyo iliyohama.

Kutoka Panyimur mtu hushawishika kuendelea moja kwa moja hadi Kongo. Maji ni mamoja, mitumbwi inavuka, na Mahagi haiko mbali ukipitia mpaka wa Goli. Kiswahili kitakupokea vizuri. Kongo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, na uanachama huo una maana yake kwenye karatasi. Kwenye ardhi hali ni nyingine. Mkoa wa Ituri, ulio ng'ambo hiyo, umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na makundi yenye silaha yamewaua raia wengi Djugu na Mahagi. Ziwani kwenyewe wavuvi hukamatwa na askari wa upande huu na ule, na mwaka 2007 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi karibu na kisiwa cha Rukwanzi. Mfanyabiashara wa Namuwongo anayevuka kwenda huko ana ndugu, ana wakala, na ana simu ya kupiga asubuhi kuuliza habari za barabara. Msafiri wa peke yake hana hata kimoja. Kubuni safari njiani kunataka pia kujua kusema "si leo", na kwa Ituri ninasema hivyo bila kusita.

Basi rudi Pakwach, upande Nebbi, uingie Arua.

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ni mahali pa kukaa siku kadhaa na kuuliza maswali. Kiswahili hapa ni lugha ya soko zaidi kuliko sehemu nyingi za Uganda. Kimeletwa na askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na biashara ya Kongo, na Wanubi ambao mababu zao walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria wa karne ya kumi na tisa. Kampala nimezoea kuona mtu akisita anaposikia Kiswahili, kwa sababu wengi wanakikumbuka midomoni mwa wanajeshi. Serikali ilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Kampala bado inakitafakari. Arua haikungoja uamuzi huo. Ukimwamkia mzee kwa "shikamoo" utajibiwa, na mazungumzo yataendelea hadi kwenye bei, ukoo na habari za mpaka.

Mipaka yenyewe ina hadithi ambayo kila mwana Afrika Mashariki angepaswa kuijua. Mwaka 1894 eneo hili lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, likaitwa Lado. Mkataba ulikuwa wa muda wa maisha yake tu. Alipofariki Desemba 1909, Waingereza walilichukua na kuliunganisha na Sudan, na mwaka 1914 kipande chake cha kusini kikapewa Uganda. Mlugbara aliyezaliwa 1890 na kuishi muda mrefu alitawaliwa na Kongo ya Leopold, kisha Sudan, kisha Uganda, bila kuhama shamba lake. Ndiyo maana mtu wa Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana mahali paitwapo Salia Musala, anaweza kuwa na mjomba nchi ya pili na shamba nchi ya tatu, na kuvuka mara nyingi kuliko afisa wa uhamiaji anavyoweza kuandika.

Kumbukumbu nyingine iko karibu zaidi. Rais Idi Amin, mwenye asili ya huku, alipoangushwa mwaka 1979, maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire wakiogopa kisasi, na wengi walikaa huko miaka kadhaa. Leo hali imegeuka. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepokea zaidi ya watu laki mbili na nusu kutoka Sudan Kusini. Ukimuuliza mwenyeji kwa nini aliwakatia wageni sehemu ya ardhi yake, wengi watakujibu kwamba wao wenyewe walikula chakula cha watu wa upande ule. Haya si maneno ya mabango ya mashirika. Nimeyasikia kwa watu waliokuwa wanapalilia.

Kutoka Arua shuka mtoni tena, Rhino Camp. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipiga kambi upande huu wa Nile mwanzoni mwa 1910 na kuwinda vifaru weupe wa kaskazini. Jina limebaki, vifaru wameisha. Duniani kote wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu, ambao wanalindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Rhino Camp ya leo ina wakimbizi wengi, maembe mengi, na barabara ya udongo inayofuata mto kwenda Obongi.

Kipande hiki ndicho kigumu kwa mtu asiye na gari, na ndicho ninachokipenda. Hakuna basi la moja kwa moja. Kuna lori la soko, kuna boda boda, kuna gari la shirika ambalo dereva wake atakataa kwa upole kwa sababu kanuni zinamkataza. Lori la soko linaondoka alfajiri ya siku ya mnada na kurudi jioni. Siku nyingine barabara iko tupu. Kwa hiyo kalenda ya msafiri hugeuka kuwa kalenda ya minada. Ukiijua, unasogea kila siku kwa nauli ndogo, umekaa juu ya magunia ya mihogo pamoja na mbuzi na akina mama wanaokucheka jinsi unavyoshikilia kamba. Usipoijua, utamlipa boda boda fedha za siku tatu.

Obongi ina kivuko cha kwenda Sinyanya, upande wa Adjumani. Mbele yake zaidi, Laropi ina kingine kinachounganisha Moyo na Adjumani. Vivuko hivi vya serikali havitozi nauli. Vinafanya kazi mchana, na mtu akifika jua limezama analala ukingoni alipo. Laropi nimekaa nikitazama upakiaji mara nyingi kuliko ilivyolazimu. Kwanza huteremka waliotoka ng'ambo: ng'ombe, boda boda, gari la wagonjwa. Kisha abiria wa magari ya upande huu huamriwa kushuka, watembee kwa miguu, magari yaingie matupu. Lori la mbao likiingia, kivuko kizima huinama kidogo, na kijana mwenye koti la kuokolea hupiga kelele watu wasogee upande wa pili. Mto hapa ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa, na unabeba vipande vya mafunjo na magugumaji vinavyoelea kama visiwa. Visiwa hivyo vinaweza kuziba gati kwa saa nyingi. Maji yalipopanda kupita kiasi mwaka 2020, maeneo ya kutia nanga kando ya Nile hii yalifunikwa na huduma ikayumba.

Kungoja kwenye gati ndipo safari inapopangwa upya. Waliopanga foleni wote wanatoka mahali na wanakwenda mahali. Muuguzi anarudi Moyo. Muuza nguo kuukuu anakwenda Elegu, mpakani, kuchukua mzigo. Mzee mmoja wa Kimadi ana hadithi za Dufile, ngome ya mtoni jirani na hapa ambako askari wa Emin Pasha walipigana na wafuasi wa Mahdi wa Sudan mwishoni mwa 1888. Salimia kwanza, uliza habari za nyumbani, kaa kivulini, usianze na swali lako. Kwa kawaida wao ndio watakaouliza: "Ndugu, uko peke yako? Unakwenda wapi?" Ukijibu kweli, kabla kivuko hakijafunga mnyororo utakuwa umeshaambiwa gari gani la upande wa pili lina nafasi.

Kutoka Laropi hadi Atiak, kwenye barabara ya Gulu, ni kilomita 66, na ukishika njia ya Adjumani na Dzaipi unatokea Elegu, mkabala na Nimule ya Sudan Kusini. Nimule ipo mahali ilipo kwa sababu ya mto. Meli kutoka Ziwa Albert ziliweza kuteremka hadi hapa tu. Mbele yake ni miamba na maji makali ya Fola, ambayo hakuna chombo kinachoyapita. Gavana Mwingereza Charles Gordon, katika miaka ya 1870, alilazimika kusafirisha meli zake vipandevipande juu ya mabega ya wapagazi ili ziunganishwe upande wa juu. Mwisho wa maji ya kupitika ukawa mahali pa kupakulia, mahali pa kupakulia pakawa kituo, na kituo kikaja kuwa mpaka.

Elegu, upande wa Uganda, imekua kwa kasi tangu Sudan Kusini ipate uhuru Julai 2011 na barabara ya lami ya Nimule–Juba, kilomita 192, ikamilike mwaka uliofuata. Malori ya Mombasa hupanga mstari hapa yakingoja karatasi. Utasikia Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, Kiarabu cha Juba, Kimadi na Kiacholi kwenye kibanda kimoja cha chapati. Mji umekaa bondeni, na Mto Unyama ukifurika huingia madukani, kwa hiyo majira ya mvua uliza hali yake ukiwa bado Adjumani. Wabadilisha fedha wamekaa na mabunda yao mezani. Hesabu noti zako mwenyewe, mara mbili, na usibadilishe zaidi ya unachohitaji kwa siku hiyo.

Kama una viza na una mwenyeji Juba, madereva wa malori watakwambia kama barabara imetulia wiki hiyo, na neno lao ninalithamini kuliko tangazo lolote, kwa sababu wao ndio wanaoipita. Kama huna, matembezi yanaishia kwenye mnyororo wa forodha, na hakuna aibu. Mabasi ya Kampala yanapita Elegu kutwa. Uliza linalopitia Gulu mchana, ili kipande cha Atiak ukione kwa macho, na kabla hujapanda nunua ufuta wa kupeleka Namuwongo: mama wa odii atakuuliza bei yake ya mpakani ni ngapi sasa, na anahitaji jibu la kweli.